Mwongozaji wa Genova aliyekataa nyongeza ili aendelee kunung'unika

Saa mbili kasorobo asubuhi, Ivana Dagnino, mwongozaji wa watalii, amesimama nje ya lango la bandari ya Genova, anachovya kipande cha focaccia, mkate bapa wa mafuta, kwenye kahawa ya maziwa. Amekigeuza, upande wa chumvi uko chini ili uguse ulimi kwanza. Mafuta yanaelea juu ya kahawa, na hajali.

Mbele yake imefungwa meli ya watalii yenye ghorofa kumi na tano. Imeziba bahari yote.

"Leo wametuletea hospitali nzima," anasema, anafuta vidole kwenye suruali.

Abiria wanatoka wakifinya macho kwa jua. Wake ni thelathini na wawili, kila mmoja na stika ya namba tisa kifuani. Kampuni ya meli inayomwita kazini imempa kibao cha njano chenye namba hiyo, akiinue juu ili wasipoteane. Kibao kiko chini kabisa ya mkoba. Anachokiinua Ivana ni kulabu ya chuma yenye mpini wa mti, ameifunga kitambaa chekundu. Ncha yake aliisaga kwa tupa mpaka ikawa butu, maana askari wa lango walikuwa wanamsumbua.

Kulabu hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, Steva, aliyekuwa hamali katika bandari hii kwa miaka thelathini na mmoja.

Leo mkoba una kitu kingine pia. Ni karatasi mbili zilizobanwa pamoja, mkataba mpya wa kampuni. Waongozaji wote kumi na watano wamepewa. Mwisho wa kusaini ni leo, saa saba mchana.

Mkataba unampa nyongeza. Kwa siku moja ya kazi atapata euro mia na themanini badala ya mia na thelathini. Lakini atembeze wageni kwenye barabara pana tu, asiingie vichochoroni. Saa sita kamili awe amewafikisha kwenye duka la zawadi. Na sharti la saba linasema mwongozaji asizungumze "jambo lolote la kuhuzunisha wala la kulalamika".

Asiyekubali hafukuzwi. Atabaki na malipo yake ya zamani, ila jina lake litashushwa mwisho wa orodha, aitwe siku ambayo wengine wote wamekosekana.

"Mwisho wa orodha ni mlangoni," anasema Ivana. "Ukipiga chafya tu, uko nje."

Ana miaka hamsini na nane. Meli za kampuni hiyo ndizo zinazompa theluthi mbili ya kipato chake. Anapanga vyumba viwili ghorofa ya tano kwa euro mia nne na sabini kwa mwezi, na kuanzia Desemba hadi Februari, meli zikiadimika, anasafisha sakafu kwenye zahanati ya meno. Kabla ya kuwa mwongozaji alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na sita. Mtihani wa leseni aliufeli mara mbili. Mara ya tatu alikuwa na miaka arobaini na moja.

"Msimamizi wa mtihani aliniambia lafudhi yangu ni ya gatini. Nikamjibu, sasa ulitaka mtu wa kutembeza watu gatini awe na lafudhi ya wapi?"

Anapotaka kuondoka na kundi lake, mtu mnene mwenye koti la bluu anakuja mbiombio. Ni Fulvio Canepa, msimamizi wa waongozaji wa kampuni. Ana saa mkononi na nyingine kwenye simu.

"Habari za asubuhi, Ivana. Leo nitatembea nanyi. Jifanye sipo."

"Mtu wa kilo mia na kumi, Fulvio, nitajifanyaje hayupo?"

"Na kibao chako kiko wapi?"

"Kimelala."

Wageni wanatabasamu. Ivana na Fulvio wanazungumza lugha ya nyumbani, ile ya Genova yenyewe, na kwa mtu asiyeijua, ugomvi wao unasikika kama salamu ndefu.

Kituo cha kwanza ni chini ya matao ya Sottoripa, ambako harufu ya samaki wa kukaanga huanza kabla ya saa tatu. Ivana anawasimamisha wageni karibu na nguzo nyeusi kwa moshi, anaanza kisa anachokisimulia kila siku ya kazi.

"Zamani, baharia wa Genova akitaka kazi melini, aliulizwa swali moja. Unataka mshahara mnono, lakini safari nzima ufunge mdomo? Au unataka mshahara mdogo, na ruhusa ya kunung'unika? Manung'uniko hayo sisi tunayaita mugugno. Ukinung'unikia uji, ukinung'unikia upepo, ukimnung'unikia nahodha mbele ya uso wake, hakuna wa kukugusa. Imeandikwa kwenye mkataba. Mnadhani watu wetu walichagua nini?"

"Mshahara mnono!" anasema kijana mmoja wa kundi. "Nasikia watu wa Genova wanapenda sana pesa."

"Tunapenda, tena mno, na bado walichagua mdogo. Kwa hiyo jua mugugno ni kitu gani, mpaka mtu wa Genova akaulipia."

Kundi linacheka. Fulvio naye anacheka, maana ni kisa ambacho bibi yake pia alikuwa akikisimulia. Halafu anakumbuka yuko kazini, anatazama saa.

Kutoka hapo, mkataba unataka waende moja kwa moja hadi barabara pana yenye majumba ya matajiri wa kale. Ivana anainua kulabu, anakata kushoto.

"Ivana," anasema Fulvio kwa upole. "Sharti la pili."

"Bado sijasaini. Mpaka saa saba mimi ni mtu wa mkataba wa zamani."

Kichochoro wanachoingia hakiruhusu watu wawili wanene kupishana. Nyumba zina ghorofa saba kila upande, mbingu ni uzi mwembamba juu, na mashuka ya watu yanadondosha maji kwenye kofia za wageni. Ivana hasemi mengi humu. Anasema tu nani anaishi wapi. Huyu fundi viti, huyu muuza mrehani, huyu padri aliyestaafu asiyelipa bili ya maji. Anagonga dirisha moja, mkono wa mtu unatokea, unapunga, unarudi ndani. Wageni wanafurahi kuliko walivyofurahia meli.

Mwisho wa kichochoro kuna duka la Bibi Carlina, mwenye miaka sabini na minne. Anaoka farinata, chapati pana ya unga wa dengu, kwenye sinia la shaba linaloingia kwenye tanuri la kuni. Siku za meli, kundi la Ivana peke yake hununua masinia matatu. Bila makundi, amesema wazi, tanuri litazimwa Oktoba na halitawashwa tena.

Bibi Carlina anamwona Fulvio kabla ya kuwaona wageni.

"Wewe! Si mtoto wa Marisa wa ghorofa ya tatu wewe?"

"Shikamoo, Bibi Carlina."

"Marahaba. Nilisikia umehamia Castelletto, huko juu kilimani. Nikasema, yule mtoto amepanda lifti akasahau kushuka. Kumbe yu hai."

"Kazi nyingi, bibi."

"Naiona hiyo kazi. Imekuotea tumboni. Chukua kipande."

"Niko kazini, siruhusiwi..."

"Nani hakuruhusu? Mlete hapa. Ulikuwa unakuja hapa bila viatu, unaomba zile kingo zilizoungua, leo una bosi anayekukataza farinata? Kula."

Fulvio anakula. Mafuta yanamchuruzika hadi kwenye mkono wa koti, na kwa muda hatazami saa yoyote. Wageni wanapanga foleni. Bibi Carlina anakata, anafunga kwenye karatasi, na anawakaripia walioweka pilipili manga kidogo.

"Ndiyo maana nawaleta hapa," anasema Ivana, ameegemea mlango. "Kule kwenye barabara pana wataona dari za dhahabu. Nazipenda pia. Lakini mji siyo dari."

Saa tano na nusu wanashuka hadi gati la zamani. Hapa ndipo tatizo lote lilipoanzia. Mwezi wa tano, mgeni mmoja aliandikia kampuni malalamiko. Fulvio alimsomea Ivana barua hiyo ofisini, na Ivana ameikariri sentensi moja. "Nililipia likizo, sikulipia matanga."

Ndiyo iliyozaa sharti la saba.

Fulvio anamsogelea. Anazungumza chini chini.

"Hapa pita tu, tafadhali. Waoneshe mnara wa taa, waambie una miaka mingapi, twende dukani. Nakuomba kama jirani wa zamani. Nina watu juu yangu."

"Kila mtu ana watu juu yake, Fulvio. Baba yangu alikuwa na magunia juu yake."

Anawageukia wageni. Safari hii hainui kulabu. Anaishika kwa mikono miwili, mbele ya kifua.

"Hii ni kulabu ya hamali. Mahamali wa hapa waliitumia kunasia magunia. Baba yangu, Steva, alibeba kila kitu kilichoingia Italia. Kahawa, ngozi, makaa. Na kulikuwa na magunia mengine yaliyotoa vumbi jeupe. Lilikuwa vumbi la asbesto, linaloua mapafu, lakini wao hakuna aliyewaambia. Kiangazi walifanya kazi vifua wazi. Jioni mama alikung'uta nguo za baba dirishani, ghorofa ya tano. Sisi watoto tulikuwa chini kichochoroni, tunanyoosha mikono, tunapiga kelele, theluji, theluji! Wengine waliishika kwa viganja. Mimi nilifungua mdomo."

Hakuna anayepiga picha.

"Kikosi cha baba kilikuwa na watu arobaini na watatu. Ishirini na tisa wamekufa kwa vifua. Baba alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mtu aliyebeba kilo mia begani, mwisho alishindwa kubeba kijiko. Siwaambii haya ili mlie. Meli yenu imefungwa kwenye gati walilolilisha wao. Nimeona ni adabu mjue mmekanyaga kwa nani."

Fulvio anatazama sakafu ya mawe.

Bibi mmoja mwenye kofia ya majani anasogea mbele. Anaitwa Annegret, ametoka Bremen, Ujerumani.

"Mume wangu alifanya kazi bandarini kwetu," anasema. "Alikohoa miaka minne. Miaka yote nilidhani vumbi lile lilikuwa la kwetu tu."

Anaomba kuishika kulabu. Ivana anampa. Bibi Annegret anaishika kidogo, anairudisha mpini ukitangulia, kama mtu anayejua vifaa vya kazi.

"Saa sita na robo, Ivana," anasema Fulvio, sauti haina nguvu.

"Najua kusoma saa."

Mtu anaweza kudhani Ivana ni mgumu tu wa kichwa. Majirani wake wengine ndivyo wanavyosema, na mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba euro hamsini za ziada kwa siku siyo za kuchezea kwa mwanamke anayepanga. Ivana hapingi. Anasema aliikalia nyongeza hiyo usiku tatu. Alihesabu miezi mitatu ya kupiga deki zahanati ambayo asingehitaji tena kuipiga.

"Ningesema nimeikataa mara moja ningekuwa mwongo. Nilishika kalamu Jumatatu, nilishika kalamu Jumanne. Halafu nikajiuliza, nikifika pale gatini nikanyamaza, mkono huu ulioshika kulabu nitauweka wapi?"

Kila Oktoba, meli zikipungua, yeye mwenyewe huenda kupigwa picha ya kifua. Mpaka sasa picha ni safi. Haongezi neno juu ya hilo.

Saa saba kasoro dakika kumi kundi limerudi langoni. Duka la zawadi hawakulifikia. Wageni wanamshika mkono mmoja mmoja, na kijana aliyejibu pale Sottoripa anamwambia, "Ningechagua mshahara mdogo na mimi." Ivana anamwambia aache uongo, asubuhi alijibu haraka mno.

Fulvio anabaki. Ananyoosha mkono.

"Karatasi."

Ivana anaitoa mkobani, anaikunjua juu ya nguzo ya chuma ya kufungia kamba za meli. Hasaini pale palipowekwa mstari. Anaandika chini yake, kwa herufi kubwa, taratibu, kama anayeandikia mtoto wa darasa la kwanza. *Malipo ya zamani. Pamoja na mugugno.* Ndipo anaweka jina lake.

Fulvio anasoma. Anasoma tena.

"Hii siyo fomu ya kutania, Ivana."

"Nani anatania? Ninyi wenyewe mmeandika, asiyekubali abaki na malipo ya zamani. Nimebaki."

"Niliandika hivyo ili tusimlipe nyongeza asiyestahili! Nilijua hakuna mtu wa Genova atakayeacha euro hamsini ziondoke!"

"Ulijua nusu, Fulvio. Umekaa sana juu, umesahau ile nusu nyingine."

"Unajua utaitwa mwisho."

"Najua."

"Nitaipeleka juu."

"Ipeleke. Uwaambie na mimi nawanung'unikia kuanzia leo, na ni halali."

Imepita wiki tano tangu siku hiyo. Fulvio alikuwa mkweli. Katika meli kumi zilizofunga gati, Ivana ameitwa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu mwenzake aliugua. Waongozaji wanne wengine waliandika mstari ule ule kwenye mikataba yao. Kumi walisaini.

"Siwalaumu, wana watoto," anasema. "Nawanung'unikia tu."

Kula yake imepungua. Nyama ni Jumapili. Amemwambia mwenye nyumba kodi ya mwezi huu itachelewa wiki moja, na mwenye nyumba alinung'unika nusu saa nzima mlangoni, naye Ivana alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

Lakini hakukaa akisubiri simu. Sasa kila Jumapili saa tisa alasiri ana matembezi yake mwenyewe. Yanaanzia mlangoni kwa Bibi Carlina, na kiingilio ni euro kumi na mbili, kipande cha farinata kikiwemo. Tangazo ni ubao wa shule alioutundika kwenye msumari. Jumapili ya kwanza walikuja watu saba, na wawili kati yao walikuwa majirani waliokuja kumkosoa. Ya tatu walikuwa kumi na tisa. Bibi Annegret ametuma kadi kutoka Bremen, akisema anakuja mwakani na wajane sita.

Bibi Carlina hasemi tena habari za Oktoba. Ukimuuliza, anasema kuni ni ghali, watu ni wachafu, na unga wa siku hizi hauna ladha. Tanuri linawaka.

Mpango wa Ivana ni mmoja. Anataka majina ya wale watu arobaini na watatu yachongwe kwenye kibao cha jiwe jeusi, yale mawe ya milimani ya kuezekea nyumba za hapa, na kiwekwe gatini pale anaposimama. Ameandika barua mbili kwa wakuu wa bandari. Amejibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

"Mchongaji nimeshampata, na kila Jumapili naweka kando kidogo. Novemba wakiwa bado wanashughulikia, nitakibeba mwenyewe begani kutoka kwa Carlina hadi gatini. Nitakiweka. Anayetaka kukiondoa atakuja kukiondoa mchana, mbele yangu, asome jina moja moja kwa sauti."

Jumapili iliyopita, saa tisa kasoro dakika chache, watu ishirini na mmoja walikuwa wamekusanyika mlangoni kwa Bibi Carlina. Wa ishirini na mbili alitokea kwenye pembe ya kichochoro akihema. Hakuwa na koti la bluu wala saa mkononi.

Alisoma ubao kwa muda mrefu.

"Euro kumi na mbili?"

"Kumi na mbili," alisema Ivana.

"Kutembezwa kichochoro nilichozaliwa? Nikaoneshwe dirisha la mama yangu? Huu ni wizi wa mchana kweupe, Ivana. Na hiki kipande cha farinata ni kidogo kuliko cha zamani. Na hii ngazi yenu ya mlangoni itaua mtu, haina hata pa kushika."

Alikuwa tayari ametoa noti mfukoni, ameishika mkononi.

"Endelea tu, Fulvio," alisema Ivana, akaipokea. "Hilo nalo limo kwenye kiingilio."

Akainua kulabu, kitambaa chekundu kikapepea, kundi likamfuata kuelekea gatini.